Shukrani Aliyonyimwa Gavana wa Vidato

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa. Hii ni safari ya Siwema binti Makungu, mfinyanzi wa mitungi wa Kihinda, aliyekwenda nchi ya Vidato kudai kisima, na huko wakamtaka atoe shukrani. Niliyoyasikia niliyasikia kwake mwenyewe, na yeye si mtu wa kutia chumvi.

Kwanza kisima. Kisima cha Ngwasha kilichimbwa na babu zetu, na maji yake tumekunywa tangu hatujajua kuwa kuna watu duniani wanaochora ramani. Kisha siku moja wakaja askari wa Vidato na mizigo ya waya wa miiba, wakasema kuna mstari. Mstari huo ulipita kati ya nyumba zetu na kisima. Upande wa kisima uliitwa nchi nyingine, na nchi hiyo haikuwa na raia hata mmoja, ila koplo wa kulinda waya. Sisi tukawa tunateka maji mtoni, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na wa mchana mzima kurudi.

Mwaka wa tisa wa waya, wifi yake Siwema, Zawena, alishikwa na uchungu njiani akiwa na mtungi kichwani. Walikuwa wawili tu, jua la utosi, hakuna nyumba wala mti. Mtoto alizaliwa pale pale na hakufika nyumbani. Siwema alimfunga kwa kanga yake, akambeba mkono mmoja, mkono wa pili akamshika Zawena, na mtungi, ingawa aliufinyanga mwenyewe, akauacha barabarani. Siku ile alikata shauri kwamba aliyechora mstari atafutwe popote alipo, aje aufute.

Safari yenyewe sitawachosha nayo. Ilikuwa ndefu, na alifika.

Nchi ya Vidato yote ni ngazi. Mji mkuu wake ni ngazi moja pana ya mawe inayopanda mlimani, ina vidato saba, na kila kidato kina nyumba, bustani, na watu wanaowatazama walio juu yao kwa shingo zilizokakamaa. Wakikutana hawaulizani hali. Huulizana, "Umefika cha ngapi?" Na anayejibu kwa namba ndogo husogea pembeni apite mwenzake. Lugha yao Siwema aliijua, kwa kuwa walitufundisha hiyo kabla ya kutufundisha kitu kingine chochote.

Watu wa Vidato hawana kazi kubwa nyumbani kwao. Kazi yao ni kutawala nchi za wengine, na kila anayetumwa akirudi hupandishwa kidato. Haulizwi ameacha nini alikotoka. Huulizwa kama ametoka. Siwema alionyeshwa mzee mmoja wa kidato cha pili aliyekaa miaka ishirini katika nchi moja, akajifunza lugha yake, akaamua kesi zao kwa haki, na wala hapakutokea vita. Yule hakupanda hata kidogo, kwa sababu hapakuwa na habari ya kuandika juu yake, na watoto wake walikuwa wanamwonea aibu. Jirani yake aliyewasha vita mbili kwa mwaka mmoja alikuwa kidato cha tano, na kofia yake ilijaa manyoya. Ndiyo desturi yao, kila nchi uliyotawala unachomeka kofiani unyoya wa ndege wa huko.

Alipouliza mchora mstari wa Kihinda anakaa wapi, walimwelekeza kidato cha sita. Jina lake lilikuwa Gavana Ambrozi Pelamu. Kabla hajamfikia alipokewa na Karani wa Shukrani, Bwana Osgudi, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi, ambaye alimwamkia kwa furaha kama aliyepata mgeni wa harusi. Siwema alishangaa. Akaeleza shida yake, kisima, waya, mtoto. Osgudi alisikiliza kwa kichwa kilichoinamishwa upande, akaandika kitabuni: "Mjumbe wa Kihinda amewasili kushukuru."

Siwema alimwambia hakuja kushukuru, amekuja kudai. Osgudi hakukasirika hata chembe. Alimweleza sheria polepole. Gavana hawezi kupanda kidato cha saba, ambacho ndicho cha mwisho na chenye viti vya velveti, mpaka mtu mmoja kutoka kila nchi aliyoitawala asimame ukumbini na kumshukuru kwa kinywa chake. Bwana Pelamu alitawala nchi tatu. Mbili zilikwisha kushukuru, imebaki Kihinda. Kuhusu madai, sheria inasema asiyeshukuru hajulikani na serikali, na serikali haiwezi kupokea madai ya mtu isiyemjua.

"Basi nikishukuru mtapokea madai yangu?" Siwema aliuliza.

Osgudi akatabasamu, akasema hilo litazungumzwa baada ya sherehe.

Walimpa chumba kizuri, godoro la manyoya, chai na vipande vya mkate vilivyokatwa vyembamba mpaka unaona upande wa pili. Walimfundisha maneno ya kusema, nayo hayakuwa mengi: "Sisi watu wa Kihinda tumeridhika." Kila asubuhi alikuja mwalimu kumsikiliza anavyoyatamka. Siwema alikuwa anasema "sisi watu wa Kihinda" vizuri sana, kisha anaomba chai nyingine.

Nje ya chumba chake, kwenye ukingo wa ngazi, alikuwa akikaa mtu mmoja mwenye kanzu iliyopauka. Naye ni Faki Mbarouk wa Visiwa vya Uduvi, nchi ya pili ya Pelamu. Huko gavana alimkuta Jumbe wa visiwa amekaa kivulini wakati bendera ya Vidato iko juani, akaona ni dharau, akamhamishia jabali moja katikati ya bahari, na hadi leo yuko huko. Faki alikuja kumwombea arudishwe. Walimwambia shukuru kwanza. Akashukuru, shingo upande, wiki mbili nyuma. Siwema akamuuliza ilikuwaje kuhusu Jumbe.

"Mwanangu, nilipomaliza kusema tumeridhika, yule karani alinifungulia ukurasa wa pili wa sheria," Faki alisema. "Umeandikwa kwamba aliyeshukuru hana madai. Nikamwambia mbona hukunisomea ukurasa huu mapema? Akasema sikumuuliza."

Alikuwa hajarudi kwao kwa sababu hakujua atawatazamaje watu usoni. Siwema alirudi chumbani, akakaa kwenye lile godoro, akashika tama. Asiposhukuru hajulikani, akishukuru hana madai. Aliwaza watu werevu namna gani walikaa chini na kalamu wakatunga kitu kama hicho, na hasira ilimpanda. Kisha akajikaza. Alisema moyoni kwamba kama neno lake moja lina thamani hiyo kwao, hatalitoa bure.

Siku ya sherehe ikafika. Siku hiyo Vidato nzima huhama kwa pamoja, kwa kuwa mtu hawezi kupanda mpaka aliye juu yake apande. Alfajiri kila ofisa hukabidhi muhuri wake wa zamani kwenye sanduku la kidato cha saba, linalofunguliwa na atakayepanda huko tu, kisha hutoka na vitu vyake, ili gavana akipita kwenda juu, wote wapige hatua moja na kupewa mihuri mipya huko waendako. Basi ngazi yote ilijaa makabati, saa za ukutani, vitanda, mabibi walioshika vikombe vya kauri, na mbwa. Wote walitazama juu.

Ukumbini Osgudi alisoma habari za kazi ya Ambrozi Pelamu. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Alisoma kwamba Bwana Pelamu alianza kama balozi mdogo katika baraza la Sultani wa Marashi, na kule alitia saini mkataba na mpishi wa Sultani, kwa kuwa ndiye aliyevaa vizuri zaidi siku ile. Kosa lilipogunduliwa, ilionekana ni usumbufu kuandika mkataba mwingine, hivyo Sultani akaondolewa na mpishi akakalia kiti chake. Mpishi alituma mjumbe wa kushukuru bila kuombwa. Ukumbi ukapiga makofi. Kisha visiwa, kivuli, na Jumbe. Makofi. Kisha Kihinda, ambako Mheshimiwa alitumikia siku tisa, sita kati ya hizo akiwa na homa, lakini hata kitandani hakuacha kazi, aliagiza ramani na rula, akaipa nchi mpaka wake. Makofi marefu.

"Na sasa," Osgudi alisema, "Kihinda itasema."

Siwema alisimama. Gavana Pelamu alikuwa mbele yake, mrefu, mwenye mvi, ameshika kofia ya manyoya mawili, na mkono wa pili unyoya wa tatu, mwekundu, ukingoja kuchomekwa. Tuliwahi kuwa na ndege wa rangi ile Kihinda, siku hizi simwoni. Siwema alimtazama kwanza vizuri, maana alikuwa ametembea nchi nyingi kuja kumwona.

"Sisi watu wa Kihinda," alisema, "hatujaridhika. Mstari wa huyu bwana umetutenga na maji yetu miaka tisa. Mtoto wa wifi yangu amekufa njiani kwa sababu yake, na mimi ndiye niliyemzika. Simshukuru. Nikirudi nyumbani na kuulizwa kama nilimshukuru nitasema hapana, na mkiniuliza tena kesho nitasema hapana."

Akaketi. Mtu mmoja aliyekuwa amekwisha kuanza kupiga makofi alibaki na viganja hewani. Osgudi alipekua kitabu chake mbele na nyuma, akawa mwekundu, kwa maana hapakuwa na ukurasa wa jambo hilo.

Kuanzia saa ile Vidato ilikwama. Gavana hakuweza kupanda, na asipopanda yeye hakuna wa kupanda. Kurudi nyumbani hawakuweza pia, kwa kuwa nyumba ya kila mtu tayari ilikuwa na mtu wa chini yake mlangoni na kabati lake. Wakabaki ngazini. Na mihuri yote ilikuwa imekabidhiwa, hivyo serikali nzima haikuwa na mtu wa kuweza kugonga karatasi. Siwema alitoka nje akakaa kando ya Faki, akatazama mabibi wakinywa chai juu ya makabati, na anakiri kwamba alicheka. Faki naye alicheka, mara ya kwanza tangu aondoke kwao.

Wakubwa walikutana pale pale kwenye ngazi kutafuta njia. Mmoja alitoa hoja kwamba mwanamke akikaa kimya ni sawa na kushukuru, akakumbushwa kuwa huyu hakukaa kimya. Mwingine akasema kulalamika ni dalili ya kumwamini unayemlalamikia, na imani ni aina ya shukrani, hoja ikapendwa sana. Wa tatu alitaka apatikane mtu mwingine yeyote wa Kihinda, lakini kumtuma mtu kunahitaji barua, na barua inahitaji muhuri. Walipopiga kura zikalingana, na mwenyekiti hakuweza kuamua kwa sababu kiti chake kilikuwa kimebanwa kidato cha nne nyuma ya piano. Mjadala ulichukua siku nane.

Siku ya tisa, mchana, Gavana Pelamu alimfuata Siwema mwenyewe. Alikaa kidato kimoja juu yake, kwa mazoea, akaanza kusema. Siwema hakuinua kichwa. Ilibidi ashuke, akunje magoti yake marefu, akae naye sambamba.

"Bibi Siwema," alisema, "unajua umekalia kazi ya mtu ya miaka arobaini na sita?"

"Najua. Na wewe umekalia kisima chetu."

Gavana alisema kwa dhati kabisa kwamba hakumbuki kisima. Kwenye ramani hakikuwapo. Alikuwa na homa, mkono unatetemeka, akaweka rula pale ilipokaa vizuri. Hakuwa na chuki na mtu yeyote. Na ili kumwonyesha kwamba hasemi uongo, alitoa ramani yenyewe kwenye mkoba wa ngozi na kuikunjua magotini.

Siwema aliinama akaitazama. Aliona jina la Kihinda, limekosewa. Aliona mstari. Akaupitisha kidole, na kidole kikatoka na weusi.

"Hii ni penseli," alisema.

"Bila shaka ni penseli. Kazi ya gavana ni penseli mpaka wenye nchi washukuru. Wakishukuru ndipo karani anapitisha wino." Pelamu alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba jua hutoka asubuhi. "Huwa mnashukuru. Hatujawahi kupata shida hii."

Siwema aliniambia kwamba hapo masikio yake yaliziba. Miaka tisa. Miaka tisa tumezunguka penseli, wazee wetu wamevua kofia mbele ya penseli, Zawena amezaa juani kwa ajili ya penseli ya mtu mwenye homa. Alitaka kulia na alitaka kumpiga, na hakufanya lolote kati ya hayo.

"Una kifutio?" aliuliza.

Gavana alikuwa nacho, kwenye mfuko wa koti. Alikitoa. Akakishika juu ya ramani, karibu kabisa na mstari.

"Nikifuta hapa," Pelamu alisema taratibu, "nimekiri kosa. Anayekiri kosa hushuka kidato kimoja kwa kila mwaka wa kosa. Miaka tisa, na vidato viko saba tu. Nitatoka nje ya ngazi kabisa. Nina miaka sabini na mbili, Bibi. Sijui watu wanaishije huko chini."

"Wanaishi," Siwema alijibu. "Wanatafuta maji."

Mkono wa gavana ulikaa pale muda mrefu. Siwema anasema aliona kwamba mtu yule alikuwa anataka kufuta, alimwona anataka, na kwa dakika moja alimhurumia. Kisha Pelamu alirudisha kifutio mfukoni na kufunga kifungo cha mfuko.

"Sema neno lile mara moja tu," akamwambia. "Nikiwa juu nitakuwa na nguvu ya kukusaidia."

"Mzee Faki mlimwambia hivyo hivyo." Siwema akasimama, akakung'uta nguo yake. "Bwana Pelamu, nilitoka kwetu kuja kukuomba ufute mstari. Sasa sikuombi tena. Mstari huo ulikuwa unangoja ruhusa yetu, na ruhusa hatujatoa. Kaa na ramani yako."

Alimuaga Faki. Faki alimuuliza kama anadhani shukrani inaweza kurudishwa. Siwema akamwambia hajui, lakini kitabu cha Osgudi hakina ukurasa wa jambo hilo pia. Alipokuwa anashuka ngazi, akipita katikati ya vitanda na mbwa, alisikia nyuma yake sauti ya Mzee Faki ikitangaza kwa utulivu, kwa lugha ya Vidato, kwamba Visiwa vya Uduvi havijaridhika, na karani aandike. Na kelele zilizofuata zilimsindikiza mpaka nje ya mji.

Alifika Kihinda siku ya Jumatano. Hakwenda kulala. Aliita wanawake, akawaeleza alichokiona, na penseli iliyobaki kwenye ncha ya kidole chake alikuwa hajainawa. Wako waliosema tungoje, tuandike barua kwanza. Zawena aliingia ndani, akatoka na mtungi mkubwa kuliko yote uliokuwa nyumbani mle, akatangulia.

Kwenye waya walimkuta Koplo Matari, naye ni mtoto wa watu tu, kutoka nchi iliyokwisha kushukuru zamani. Alipoona wanawake arobaini wanakuja na mitungi na miundu alishika bunduki yake na kuwaambia simameni. Hawakusimama. Alipiga risasi moja juu. Kuna mtungi mmoja ulianguka ukavunjika, na mwenye mtungi akaendelea kutembea.

"Mama zangu, hapa ni mpaka," Koplo alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Nani kawaruhusu?"

Zawena alikuwa amekwisha kufika kwenye waya. Alimtazama koplo yule, akasema, "Wewe nani kakuruhusu?"

Na Matari, maskini, akaanza kufikiri. Alishusha bunduki ili afikiri vizuri. Siwema alikata waya wa juu kwa mundu, wenzake wakakata wa chini, na Zawena akapita wa kwanza, akafika Ngwasha, akatupa kamba. Alipovuta ndoo ya kwanza hakunywa. Alikaa chini ukingoni, akalia kwa sauti, na sote tukamwacha alie mpaka amalize.

Koplo aliandika barua jioni ile kwenda Vidato, kuuliza kama mpaka upo au haupo, na akiambiwa upo awapige risasi wangapi. Jibu linahitaji muhuri, na mihuri iko kwenye sanduku kidato cha saba, kando ya viti vya velveti ambavyo hakuna aliyevikalia. Anangoja jibu mpaka leo. Siku za joto huja kuomba maji na tunampa. Kisima kiko wazi na waya tumefungia mbuzi, na huu ndio mwisho wa niliyokuwa nayo, mwenye kiu na aje na ndoo yake.